Ukurasa wa Thelathini na Moja

Alhamisi moja, muda mfupi baada ya adhuhuri, Hashil alikuwa anamfungia mteja robo kilo ya karafuu kwenye karatasi ya gazeti, akasita katikati ya kukunja kwa sababu alikuwa hajamaliza kusoma. Mteja akangoja. Wateja wa Hashil walishamzoea. Duka lake la viungo lilikuwa mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, na lilikuwa na karafuu nzuri na bizari isiyochanganywa na unga, ila ukitaka kuvipata ilibidi ungoje mwenye duka asome kwanza karatasi atakayokufungia. Tabia hiyo ilimwingia mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, alipoanza kununua magazeti ya zamani kwa kilo. Habari za mpira alizipitia haraka. Matangazo ya vifo aliyasoma polepole, hata ya watu asiowajua, na mwisho wa kila moja alimwombea marehemu. Mkewe, Saadiya, alikuwa akisema mumewe ndiye mtu pekee Bongo anayejua kila kitu kilichotokea, basi tu amechelewa miaka michache.

Karatasi ya siku hiyo ilikuwa ukurasa wa tisa wa gazeti la miaka tisa iliyopita. Ilikuwa makala ndefu, ukurasa mzima hauna picha hata moja, na mwandishi alikuwa mtu anayeitwa Tarsis. Makala ilimhusu mpagazi mmoja wa hapohapo Kariakoo, jina lake Mrisho. Mwandishi alimfuata siku kumi na moja. Aliandika namna Mrisho anavyosokota ngata yake ya kichwani kwa kipande cha khanga ya mkewe. Aliandika kwamba asubuhi hunywa uji wa ulezi, vikombe viwili, akiwa amesimama, kwa sababu akikaa mgongo unakataa kuinuka. Aliandika kwamba mguu wa kulia huvaa kandambili nyekundu na wa kushoto huvaa ya kijani. Kisha akaandika kuhusu jengo analofanyia kazi, la ghorofa sita, kuhusu lifti ya mizigo ya jengo hilo, na kuhusu kamba ya chuma ya lifti, ambayo nyuzi zake zilikuwa zimeanza kufumuka.

Hashil aliinua macho akalitazama jengo la jirani. Stoo yake mwenyewe ilikuwa humo, ghorofa ya sita. Akarudi kwenye karatasi, lakini karatasi ilikuwa imeisha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba habari inaendelea ukurasa wa 22.

"Mzee Hashil," mteja akasema, "karafuu zangu jamani."

Hashil akamfungia kwenye karatasi nyingine, ya mpira.

Alasiri Mrisho akaingia dukani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shingo nene, ngata ya khanga mkononi, kandambili moja nyekundu na nyingine ya kijani. Alinukia iliki, lakini mle dukani kila mtu ananukia kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

Mrisho akasema ahsante, akasimama kidogo akilitazama gunia kuukuu lililoko karibu na mlango, lile ambalo Hashil alilijaza matambara likawa kiti cha wateja wanaongoja. Mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu. Akakaa.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Ukurasa wa tisa. Kwenye kamba."

"Ndiyo maana. Nakumbuka uji, nakumbuka ngata, nakumbuka kamba. Zaidi ya hapo sina." Akanyoosha miguu yake, akaanza kukanda magoti. "Nimekwama kwenye lifti, mzee. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Niliingiaje sijui, na nikitoka sijui natokaje. Mtu akinisoma ndiyo napata kushuka kidogo. Mara ya mwisho nilisomwa na fundi viatu mmoja wa Buguruni, alikuwa amefungiwa dagaa. Na yeye hakuwa na ukurasa wa pili."

"Muda gani sasa?"

"Miaka tisa nimesimama. Nataka kujua kama nilifika, basi."

Saadiya alimletea kahawa na kashata mbili. Kahawa aliinywa. Kashata alizishika mkononi akazirudisha kwa heshima, akasema makala haikutaja kama anapenda vitu vitamu, naye hakutaka kubahatisha. Saadiya akamwambia basi akijua atamwambia. Adhana ya magharibi ilipoanza, Mrisho akaaga, akatoka, akaelekea jengo la jirani. Mlinzi wa pale alimpisha kama anavyowapisha wapagazi wote.

Usiku huo Hashil hakupata raha. Alikuwa mtu wa kumaliza anachokisoma, na hapa alikuwa amekisambaza yeye mwenyewe. Lile gazeti alilifungua asubuhi ya Alhamisi ileile, akalitawanya karatasi moja moja kama kawaida yake, bila kutazama kinachoendelea wapi. Kwa mara ya kwanza alisikia aibu juu ya kazi yake ya kufungia. Bahati nzuri hakuwa mtu wa kusahau nani kanunua nini. Majina yalimpotea, lakini viungo havikumpotea. Aliifikiria asubuhi yote, mteja kwa mteja, akaukuta ukurasa wa 22 umefungia bizari nzima na bizari nyembamba. Mtu pekee anayenunua hivyo viwili pamoja siku ya Alhamisi ni Shanta wa Kisutu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Jaimin.

Ijumaa, baada ya swala, akaenda Kisutu kwa miguu. Mama Jaimin alikuwa na miaka sabini na kitu na anaishi juu ya duka la vitambaa la mwanawe. Hakumuuliza Hashil amefuata nini. Alifungua kabati, akatoa bahasha ya kuwekea hati ya nyumba, na ndani ya bahasha kulikuwa na ile karatasi, imenyooshwa kwa pasi.

"Nilitaka kuitupa," akasema, "mkono ukakataa. Nimesoma mara tatu. Jaimin ananiambia, mama, hiyo ya zamani. Nikamwambia ya zamani kwako wewe, mimi nimesoma jana."

"Mwanzo ninao mimi," Hashil akasema.

"Na mwisho?"

"Sina."

Mama Jaimin akatikisa kichwa. "Ukipata usinisimulie kwa simu. Utaniharibia. Nitakuja unisomee."

Alasiri ile Hashil alisoma ukurasa wa 22 kwa sauti, Mrisho amekaa kwenye gunia, Saadiya amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Tarsis alikuwa mwandishi asiye na haraka. Alieleza namna wapagazi walivyomwendea msimamizi wa jengo mara nne kumwambia habari za kamba, na majibu waliyopewa kila mara, neno kwa neno. Mara ya nne walibandikiwa tangazo kwenye mlango wa lifti, kwamba lifti hii itakaguliwa hivi karibuni. Baada ya hapo Mrisho alipanda kwa ngazi. Alipanda kwa ngazi wiki tatu. Kisha ukafika mzigo wa magunia manane, ghorofa ya sita, zimebaki siku mbili Ramadhani ianze, na mwenye mzigo alikuwa amepiga simu kutoka safarini kusema anautaka stoo kabla ya jioni. Saa tisa na nusu Mrisho aliyapanga magunia ndani ya lifti, akaingia nayo ili yasiangukiane, akabonyeza sita. Lifti ikapita ghorofa ya kwanza. Ikapita ya pili. Ikapita ya tatu.

Inaendelea ukurasa wa 31.

"Kumbe niliingia mwenyewe," Mrisho akasema. Hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa alipoziacha funguo.

Hashil alivuruga rundo lote la magazeti siku hiyo na siku iliyofuata. Aliwauliza wateja wa pilipili manga, wa mdalasini, wa iliki ya kusaga. Mwanamke mmoja alimrudishia karatasi tano zenye mafuta, kwa roho safi kabisa, na zote zilikuwa za siasa. Jumapili jioni Saadiya, aliyekuwa anafuta meza, akamwambia, "Baba Anfal, na hiyo uliyotandika chini ya mzani?"

Akainua mzani. Ilikuwa karatasi ya nje, ukurasa wa kwanza upande mmoja na wa 31 upande wa pili, na vile vikombe vya mzani vilikuwa vimeacha duara mbili za unga wa manjano. Hashil akavaa miwani. Ukurasa wa 31 ulikuwa tangazo la biashara, ukurasa mzima, kwa rangi. Lilikuwa na picha ya jengo la jirani likiwa jipya, na maneno: Fremu zinapangishwa. Maji saa zote. Lifti ya kisasa.

Mrisho alilitazama kwa muda mrefu.

"Rangi imetoka vizuri," akasema. Halafu akasema kwamba miguu inamuuma sana leo, akaomba akae kidogo zaidi.

Kumtafuta mwandishi hakukuwa kazi. Muuza magazeti wa pale kwenye kona ya Msimbazi alimjua. Alisema Tarsis hafanyi tena kazi ya gazeti, yuko kwenye duka la uchapaji nyuma ya Lumumba, anaandika kadi za harusi na wasifu wa marehemu. Ukitaka marehemu wako asifiwe mpaka wakwe walie, nenda kwa huyo. Hashil alimkuta mbele ya kompyuta, mtu mnene mwenye ndevu za mvi, anapima urefu wa maisha ya mzee mmoja wa Ilala ili yaenee kwenye kurasa mbili.

"Miaka tisa nimengoja mtu aulize," Tarsis akasema. "Saa mbili usiku aliyepanga kurasa alinipigia. Akaniambia ukurasa wako umenunuliwa. Nikamuuliza na mwisho wangu? Akasema utatoka Jumapili ijayo. Jumapili ijayo kulikuwa na jambo jingine, na iliyofuata vilevile. Halafu watu wakaacha hata kukumbuka kama kulikuwa na mwanzo."

"Mwisho unao?"

"Ninao. Kila mwaka nauandika upya, kila mwaka unapungua. Sasa hivi hauzidi karatasi moja." Akavuta droo, akatoa ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa mkono. Kabla hajampa Hashil akamtazama vizuri. "Anaonekanaje?"

"Amechoka kusimama."

Tarsis akaitikia kwa kichwa. "Na wewe ndiye Hashil wa viungo."

"Ndiye mimi."

"Basi usome taratibu," akasema, akampa.

Alasiri Mama Jaimin alikuja dukani na kigoda chake, Mrisho ameshakaa kwenye gunia. Wapagazi sita walikuja pia, maana habari zilikuwa zimezagaa, wakachuchumaa nje kwenye kibaraza. Saadiya alifunga nusu ya mlango ili wateja wajue biashara imesimama kidogo. Hashil alisimama nyuma ya meza na kuanza, na sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya mtu aliyesoma madrasa.

"Kamba ilikatika lifti ikiwa kati ya ghorofa ya tatu na ya nne," akasoma. "Mrisho alifikishwa hospitali akiwa hai. Alifariki kabla ya magharibi. Magunia manane yalikuwa ya iliki. Moja lilipasuka, na wapagazi wenzake waliziokota iliki kwenye shimo la lifti kwa mikono, wakaomba uzi kwa fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, ambaye alikuwa na uzi wa buluu tu. Wakalishona. Kisha wakayapandisha magunia yote manane kwa ngazi mpaka ghorofa ya sita, na kabla ya jioni mzigo ulikuwa stoo."

Hapo Hashil akanyamaza. Mstari uliofuata alikuwa ameshauona.

Alikumbuka. Alikuwa Tanga siku hiyo, kununua mzigo mwingine. Aliporudi aliambiwa kuna kuli mmoja amefariki kwa ajali ya lifti, akasema maneno yanayosemwa, akapanda stoo kwa ngazi akihema, akahesabu magunia yake. Mtu ambaye amewaombea marehemu wa magazeti kwa mamia, mmoja mmoja kwa jina, hakuuliza jina la huyu. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Angeweza kuruka mstari ule, kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwake peke yake na hakuna mwingine aliyeiona.

"Mbona umenyamaza?" Mrisho akauliza.

Hashil akafuta miwani, akaivaa tena. "Mwenye mzigo," akasoma, "muuza viungo wa duka la jirani, alirudi siku ya pili, akauliza ni nani ameshona gunia lake kwa uzi wa rangi. Mpagazi mmoja alimwomba radhi. Siku ya nne kamba iliungwa palepale ilipokatikia, na lifti ikaendelea na kazi. Wakati mwandishi huyu anaondoka, lifti ilikuwa inapanda."

Hakukuwa na zaidi. Mama Jaimin alikuwa analia bila sauti, kwa utulivu, kama anayefanya jambo alilolipangia muda. Wapagazi walitazama chini. Mrisho aliinuka kwenye gunia, akageuka, akainama kuuchunguza ule mshono kwa kidole.

"Kwa hiyo mzigo ulifika," akasema.

"Ulifika."

"Wote?"

"Wote, Mrisho. Hata kilo haikupungua." Hashil akaiweka karatasi mezani. "Nisamehe. Niliuliza uzi, sikuuliza jina lako."

Mrisho alifikiri. "Mimi sikuwepo, mzee. Na mwandishi hakuandika kama nilikasirika." Akakaa tena, polepole, akashusha mabega, na mtu yeyote angeona kwamba sasa anakaa kama mtu aliyefika. "Alichoandika kuhusu uji ndicho nilichokipenda. Soma tena. Anzia kwenye uji."

Hashil akasoma tena, tangu ukurasa wa tisa.

Ikawa desturi. Kila alasiri karatasi zile tatu zilishushwa kutoka kwenye msumari, Saadiya akachemsha kahawa, na watu wakaja. Wengine walikuwa wameshaisikia mara kumi. Mama Jaimin alidai kila mara anaona kitu ambacho hakukiona, na siku moja aligundua kwamba fundi cherehani hakudai uzi wake. Mrisho alisikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho, na sehemu ya kandambili ilimchekesha kila siku.

Hashil alizipeleka karatasi kwa msimamizi wa jengo. Naye alisoma yote pale pale, amesimama, akatoa leso. Alisema ni makala nzuri kuliko zote alizowahi kusoma, na kwamba itafika kwa mwenye jengo. Wiki ileile tangazo la zamani kwenye mlango wa lifti, lililokuwa limechakaa halisomeki, lilibanduliwa. Walibandika jipya lenye maneno yaleyale, kwenye karatasi safi, ndani ya plastiki.

Kwa upande wake Hashil alitoa amri: mzigo wake hautapanda lifti tena, utapanda kwa ngazi, hata ukichukua siku mbili. Amri hiyo ilishika wiki mbili, na wiki hizo mbili alilala vizuri. Halafu Ramadhani ikakaribia. Lori la iliki lilichelewa njiani, likafika Jumatano saa nane mchana na magunia thelathini, wateja wa jumla wamesimama foleni mpaka barabarani, na lori lingine linapiga honi linataka nafasi. Wapagazi walikuwa wanne tu.

"Mzee, kwa ngazi hatumalizi leo," mmoja akasema. "Sisi tunaweza kupita kwa lifti. Tumeizoea."

Hashil hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Aliitazama saa ya ukutani.

"Muda unakwenda," akasema.

Wakabeba. Alasiri ikaingia, na kwa kuwa watu walikuwa wameshakaa kwenye kibaraza, Hashil akazishusha karatasi msumarini akasoma huku mizigo ikipita mbele yake. Mrisho alisikiliza kutoka kwenye gunia lake. Walipofika ukurasa wa 22, pale ambapo mwenye mzigo anapiga simu akiutaka mzigo stoo kabla ya jioni, Mrisho aliinuka. Aliisokota ngata, akaiweka kichwani, akamwomba mmoja wa wale wanne amtwike gunia.

"Wapi?" Saadiya akamuuliza.

"Ghorofa ya sita, mama. Watu ni wachache."

Alitoka na mzigo, kandambili nyekundu, kandambili ya kijani, nyuma ya wenzake wanne. Mlinzi akawapisha. Kengele ya lifti ikalia, mlango ukafungwa, na kamba ikaanza kuvuta. Pale kibarazani kila mtu aliisikia. Mama Jaimin alihesabu kwa vidole: ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Karatasi ya tatu, ile yenye mwisho, ilikuwa mezani, imelala kifudifudi. Hashil hakuigusa. Alirudi ukurasa wa tisa, akasafisha koo, akasoma kwa sauti kubwa zaidi kuliko siku zote kwamba asubuhi Mrisho hunywa uji wa ulezi, vikombe viwili, akiwa amesimama.